Naomba ushauri: mbao za jahazi dogo zinainuka kwenye omo (sehemu ya mbele ya chombo)
Habari zenu mafundi. Ninaunda mfano wa jahazi la Lamu, kipimo cha 1:50, yaani la mita 15 linakuwa sentimita 30. Mkuku (uti wa chini wa chombo) na mataruma (mbavu zake) 11 vimekaa sawa. Mbao za ubavuni ni za mvule, upana milimita 5, unene 1. Hata zikilowekwa maji moto nusu saa na kukaushwa zikiwa zimebanwa, karibu na omo ukingo wa chini unaachana na taruma, kwa sababu ubao unalazimishwa kupinda kwa upana wake. Nipunguze ncha hadi milimita 3, au niongeze mataruma mbele? Supagluu siitaki, inaacha ukungu mweupe. Na tanga je? Kitambaa cha pamba cha marekani ni kizito mno kwa kipimo hiki. Picha za kazi ambazo hazijakamilika zinasaidia pia, msione haya.