Kompyuta ya mezani ya mwaka 2012: nianze kubadilisha kifaa gani?

Mwenye Steshenari, Mbagala

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninayo Dell OptiPlex 7010 yenye prosesa ya Intel Core i5-3470, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500, na ndiyo inayoendesha duka langu: kuchapa barua na wasifu wa waombaji kazi, kuskani vyeti na kuchapisha. Imekuwa nzito mno. Nikiiwasha asubuhi ninafagia duka na kupanga kaunta kabla haijawa tayari, na wateja wengine hukata tamaa wakaondoka. Fundi mmoja amenishauri niiuze kwa bei ya chuma chakavu, lakini monita, kibodi na printa yangu ni nzima, na fedha niliyotenga haizidi shilingi 150,000. Nianze na kifaa gani, na ni vipi vya zamani vinavyoweza kuendelea kutumika?

Fundi wa Temeke

Ndugu yangu, usiiuze. Prosesa hiyo ina viini vinne, na kwa kazi ulizozitaja bado inatosha kabisa. Kabla ya kununua chochote, iwashe, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na kwenye dirisha la Task Manager litakalofunguka uangalie safu ya diski. Ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 huku prosesa ikiwa karibu haina kazi, basi umekwisha kumpata mgonjwa. Diski ya kuzunguka hulazimika kusogeza kichwa chake huku na huko kutafuta mafaili madogo yaliyotawanyika, na RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea) inapojaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski hiyo hiyo, kwa hiyo mzigo unakuwa mara mbili.

Nunua kwanza SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, ya SATA (aina ya tundu la kuunganishia diski) ya inchi 2.5, GB 240 zinatosha. Ichomeke kwenye tundu lililoandikwa SATA0, kwa sababu katika bodi kuu ya kompyuta hiyo matundu mawili ya kwanza ndiyo yenye kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde. Kama hutumii tena kisomaji cha DVD, nyaya zake huenda zikatosha kuunganisha diski ya pili, nawe usihitaji kununua nyingine. Diski ya zamani ibaki kuwa ghala la mafaili, ila ikiwa inatoa mlio wa kugonga-gonga usiiamini hata siku moja: nakili kazi zote za wateja kwanza.

Mhasibu, Ubungo

Ninaheshimu ushauri wa fundi, lakini tusimfiche mwenzetu jambo hili. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kuanzia kizazi cha 8. Yake ni ya kizazi cha 3. Je, si afadhali asubiri, aongeze fedha, anunue mashine mpya zaidi?

Fundi wa Temeke

Ni kweli, Ndugu Mhasibu. Hata hivyo, akikimbilia mtumba wa kizazi cha 4 au cha 6, atakuwa ametumia fedha na kubaki mahali pale pale. SSD ya SATA ataihamishia kwenye mashine yoyote ya baadaye yenye tundu hilo. RAM ya DDR3, aina anayoitumia sasa, haitahama, kwa kuwa DDR4 ya mashine mpya zaidi ina pengo mahali tofauti na haiingiliani nayo. Kwa hiyo fedha nyingi ziende kwenye SSD, na RAM iwe kipande kimoja tu cha GB 4, hata kilichotumika, cha kukaa pamoja na kile alichonacho. Kwa usalama wa intaneti, kwa kuwa msaada wa Windows 10 umekoma, ajaribu Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, ahakikishe kwanza kwamba printa na skana zinafanya kazi.

Mwalimu, Kigamboni

Mimi niliwahi kununua RAM ya DDR3 ya GB 8 kwa bei ya chini sana, nikafika nyumbani kompyuta ikakataa kuwaka. Baadaye nikaelezwa kwamba kipande kile kilitengenezwa kwa bodi za AMD pekee, nami nina Intel. Tafadhali beba kasha lako mwenyewe hadi dukani na uombe RAM ijaribiwe hapo hapo kabla ya kulipa. Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32, maana hiyo haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 hata ukiongeza. Na wakati kasha liko wazi, toa vumbi lote kwenye feni. Vumbi letu likichanganyika na joto la Dar es Salaam huchosha mashine kabla ya wakati wake.

Mwenye Steshenari, Mbagala

Nawashukuru sana. Nimeangalia asubuhi ya leo: diski ilikaa kwenye asilimia 100 kwa takriban dakika saba, na prosesa haikufika hata 20. Windows ni ya biti 64. Mafaili ya wateja nimeanza kuyanakili, na Jumamosi nitabeba kasha kwenda Kariakoo.