Mashine za kufukizia za Darajani: kioo kinasema 180, udi unageuka mkaa. Tunaibiwa mchana kweupe!

Wakuu, leo simung'unyi maneno.

Kuna hizi mashine za mezani za kufukizia zilizojaa madukani Darajani, wenyewe wanaziita "chetezo cha kisasa". Huhitaji makaa. Unatia udi au majani kwenye kikombe, unabonyeza nyuzi unazotaka zinaonekana kwenye kioo chake, feni inasukuma hewa ya moto ipite katikati, unatoka mvuke wenye harufu bila moshi. Mama yangu ana pumu, moshi wa makaa haumfai hata kidogo, na kwetu Ijumaa bila udi haijawa Ijumaa. Nikatoa laki na nusu. Laki na nusu, jamani!

Nikaweka 180. Harufu ikaja vizuri, nikafurahi. Hata chai sijamaliza, moshi umejaa ukumbi, udi mweusi tititi, mama anakohoa. Nikajaribu mchaichai mkavu: chini umeungua, juu bado kijani.

Narudi dukani, muuzaji ananijibu huku anachezea simu: "Udi wako una sukari nyingi, ndugu yangu." Ala! Udi wa kupika usio na sukari umeuona wapi hapa Unguja? Na hiyo sukari kwa nyuzi 180 za kweli haigeuki mkaa namna ile. Ule ulikuwa moto mwingine kabisa.

Sasa mie riziki yangu ni kufungua redio na TV za watu. Nikachukua bisibisi. Waya wa kupashia umezungushwa kwenye kauri, sawa. Feni ndogo chini, sawa. Sensa ya joto, yaani kile kipima joto chake, iko wapi? Imebandikwa kwa gundi nyeupe juu ya ubao wa saketi, pembeni kabisa, upepo wa feni hata hauigusi! Yaani ile 180 ya kwenye kioo ni hesabu ya kubahatisha kutokana na joto la boksi. Nikaingiza waya wa kupimia joto wa multimita, kile kipimo chetu mafundi, pale hewa inapoingilia kikombeni. Kioo kimetulia 180 kama hakina habari, multimita inapanda mpaka inavuka 240, umeme wa waya unakatika, inaporomoka hadi 150 na kitu, halafu inapanda tena. Hivyo hivyo, juu chini, juu chini.

Kwa wasiofahamu ubaya wake: majani makavu yakivuka nyuzi 230 hivi yanaanza kuungua, na hapo unachovuta ni moshi ule ule ulioukimbia kwenye makaa. Ikiporomoka, mafuta mazito ya harufu hayatoki sawasawa, unapata hewa ya moto tu. Mkaratusi mafuta yake mepesi, yanachemka kama nyuzi 176. Ya mchaichai yanakaribia 230, ya karafuu yanapita 250. Lakini si lazima uyafikishe kwenye kuchemka, hewa ikipita inayabeba kabla ya hapo. Nyie watu wa Pemba mnajua, karafuu zikianikwa kwenye majamvi harufu inafika barabarani, na lile ni jua tu. Kwa hiyo kinachotakiwa ni joto lililotulia.

Mashine ya haki sensa yake inakaa kwenye njia ya hewa, kabla tu ya majani, na kidhibiti kinapunguza umeme pole pole joto linapokaribia kiwango, hakisubiri joto lipitilize ndiyo kikate. Feni ikiongezwa kasi, hewa inapoza waya, kidhibiti kinaongeza nguvu. Hii yetu ukiongeza feni hewa inapoa na kioo hakijui. Na umeme wetu ndiyo huo: magharibi ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, nguvu ya waya inabaki kama robo tatu. Mashine yenye sensa ya kweli inafidia. Hii haiwezi.

Eti muuzaji ananishauri nisage majani yawe unga. Unga unaziba, hewa inatoboa tundu moja, pale panaungua na pengine pabichi!

Wenye nazo, mwageni kikombe mkimaliza. Majani yakiwa kahawia sawasawa, mna bahati. Mkiona meusi, mmepigwa kama mie.

Jibu la mwisho la duka ni kwamba kitu kikishafunguliwa hakirudishwi. Nisingefungua ningeijuaje hiyo gundi? Risiti ninayo, wiki hii naibeba mashine na multimita naenda ZBS, Taasisi ya Viwango Zanzibar. Aliyenunua ya boksi jeusi lenye kioo cha buluu aifungue chini, ni skrubu nne tu, aweke picha ya sensa hapa nizichapishe niende nazo.