Mwaka mmoja Uchina kwa ajili ya Kichina: niende au nibaki Nairobi?

Njeri_Vigae
Hamjambo wote. Nauza vigae kwenye duka la Mchina hapa Industrial Area, na kazi yangu hasa ni kusimama kati ya bosi na wateja. Kichina nilisomea jioni Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenye ile Taasisi ya Confucius (ya kwanza Afrika, ilianza 2005), nikapita HSK 4, ngazi ya nne ya mtihani wa Kichina kwa wageni. Maneno 1,200 kichwani, na bado Jumanne niliaibika. Bosi alipiga simu akataja katoni, nikaandika 4, kumbe ni 10. Yeye ni wa Fujian, jimbo la kusini-mashariki mwa Uchina, na mdomoni mwake shí (kumi) inatoka kama sí, karibu kabisa na sì (nne), basi kumi lake nikalisikia nne. Mafundi wakashinda Syokimau wakingoja vigae.

Nimeweka akiba kwenye chama miaka mitatu. Nataka kuacha kazi mwaka mmoja nikasome lugha tu, Harbin, kaskazini-mashariki mwa Uchina. Mama anauliza, unalipwa kuongea Kichina, sasa unaenda kulipa ili ukiongee? Mliokwenda, niambieni.

Baridi_Kali
Dada Njeri, Harbin nilikaa Septemba hadi Julai. Lafudhi ya huko iko karibu sana na Kichina sanifu, hata dereva wa teksi unamwelewa. Januari ni nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, kope zinashika barafu, lakini hiyo unazoea.

Kilichoniangusha ni hosteli. Wageni tuliwekwa jengo letu, na ghorofa yangu ilijaa Wakenya, Watanzania na Wazambia. Darasa likiisha saa sita mchana, tunarudi kusonga ugali na kupiga soga kwa Kiswahili hadi usiku. Miezi minne nilikuwa na Kichina kile kile nilichotoka nacho Nairobi! Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza jiaozi (vipande vya unga vinavyokunjwa na nyama au mboga ndani) nje ya geti. Nilikuwa nakaa naye jioni namsaidia kukunja, bure tu, maana viza ya masomo si ya vibarua. Kiingereza hajui hata salamu. Nikikosea toni anasimamisha kazi: unanunua au unauza? Kwa sababu mǎi, sauti ikishuka kisha ikapanda, ni kununua. Mài, ikishuka ghafla, ni kuuza. Mwalimu alinifundisha hilo wiki ya kwanza. Yule mama ndiye alinifanya nilisikie.

Kuhusu viza: masomo yasiyozidi siku 180 ni X2, zaidi ya hapo ni X1, na ukiingia na X1 una siku 30 za kuomba kibali cha ukaaji. Usizichezee.

Mzee_wa_Kamukunji
Binti, utarudi na shí safi ya Harbin, na bosi wako atakuwa bado ni wa Fujian. Mwambie atume nambari kwa WeChat, pesa ya chama ununue kiploti.

Njeri_Vigae
Mzee, shikamoo. WeChat tulianza Jumatano, na imesaidia. Lakini wateja wakibishana bei mbele yake, nani ataandika? Kiploti kitangoja.

Baridi_Kali, huyo mama wa jiaozi ni geti la upande gani?