Mbwa wangu wa miezi minne miguu inapinda, na nashauriwa nimlishe pilipili awe mkali. Naomba ushauri

MamaKihonda

Habari za jioni ndugu zangu. Niko Kihonda, Morogoro. Mapema mwaka huu tulivunjiwa, wakabeba hadi masufuria ya jikoni, ndipo baba watoto akasema tufuge mbwa. Tukapata dume, chotara wa German Shepherd. Tunamwita Simba, ana miezi minne hivi. Sikutegemea ningempenda kiasi hiki.

Shida yangu kubwa ni miguu ya mbele. Inaanza kupinda kama matege ya mtoto. Akisimama, viwiko vinachomoza nje na vifundo vinalala chini. Asubuhi anachelewa kuinuka. Tumbo ni kubwa lakini mbavu unazihesabu. Chakula chake ni ugali wa sembe na mchuzi uliobaki mezani, siku nyingine pumba iliyopikwa, na mwisho wa wiki namnunulia mapupu buchani.

Halafu anang'ata. Si kwa hasira, anacheza, ila mwanangu wa mwisho, wa miaka mitano, ana mikwaruzo mikononi, mingine imetoa damu, na sasa anamkimbia.

Fundi aliyetujengea ukuta anasema mbwa wa ulinzi hashikwishikwi. Afungiwe mchana kutwa kwenye banda la giza, chakula chake kitiwe pilipili kichaa, afunguliwe usiku tu. Banda limeshajengwa, halina hata dirisha, na baba watoto ameanza kukubali. Moyo wangu unakataa lakini sina hoja ya kumpa.

La mwisho: wapangaji wetu wa uani ni Waislamu, watu wema mno. Simba anapita anawalamba watoto wao na kukanyaga mikeka. Hawajalalamika, lakini naona wanavyohangaika kuanua nguo akikaribia. Nifanyeje nisiwakwaze?

Chanjo alichomwa moja tulipomchukua. Muuzaji alisema inamtosha maisha yake yote.

AskariMstaafu

Binti yangu, fundi kakwambia ukweli. Nimelinda maghala miaka mingi na mbwa wetu walilelewa hivyohivyo. Mbwa anayechezewa na watoto atamchekea hata mwizi. Pilipili inampa hasira, giza linamfanya asimzoee mtu. Kama mnataka ulinzi, fungeni.

DaktariWaMifugo

Mama Kihonda, nitakuja kwenye miguu. Kwanza mikono ya mtoto.

Mbwa huyu kwa maelezo yako hana chanjo ya kichaa. Ile moja aliyochomwa akiwa mdogo karibu hakika ilikuwa ya magonjwa mengine, kwa sababu ya kichaa kwa kawaida huchomwa kuanzia miezi mitatu. Mbwa mdogo naye anaweza kuwa na kichaa. Kwa hiyo jeraha lolote lililotoa damu lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtoto apelekwe kituo cha afya leo, hata kama mikwaruzo mingine imeshaanza kupona. Waelezeni kila kitu, wao ndio wataamua kuhusu sindano. Simba msimuue wala msimpe mtu, afungwe mahali salama na aangaliwe siku 10. Ninasisitiza kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hakuna tiba.

Sasa miguu. Ninaona hali hii mara kwa mara kwa mbwa wa damu ya German Shepherd, Rottweiler na Boerboel. Wanakua haraka na chakula hakiwafuati. Sembe haina kalisi ya kutosha. Mapupu na nyama ya steki vina fosforasi nyingi na kalisi kidogo sana. Pumba nayo ina fosforasi, tena inazuia kalisi isifyonzwe vizuri tumboni. Kalisi ikipungua kwenye damu, mwili unaichota kwenye mifupa. Mifupa inalainika, na uzito wa mbwa mwenyewe unaipinda. Watakuja watu hapa wakwambie umuanike juani. Jua ni zuri kwa mambo mengine, lakini ngozi ya mbwa haitengenezi vitamini D ya kumtosha kama ya kwetu, lazima aipate kwenye chakula.

Habari njema ni kwamba unaishi mahali penye dagaa. Dagaa wakavu wasio na chumvi, waliwe wazima na miiba yao, ndiyo kalisi ya bei nafuu kuliko zote. Loweka, osha maji matatu au manne mpaka mchanga uishe, chemsha, kisha twanga. Changanya na ugali wa dona au wali. Dagaa au nyama visipungue theluthi ya bakuli. Yai la kuchemsha mara mbili tatu kwa wiki. Ini kipande kidogo mara moja kwa wiki, usizidishe, kwani vitamini A ikizidi nayo inaharibu mifupa. Mchicha kiasi na kijiko cha mafuta ya kupikia. Alishwe mara tatu kwa siku mpaka afike miezi sita, baadaye mara mbili.

Mchuzi wa mezani acha kabisa. Una kitunguu, na kitunguu hata kikipikwa kinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chumvi yake pia ni nyingi. Mifupa ya kuku iliyopikwa isimfikie, inapasuka vipande vyenye ncha. Na usikimbilie duka la pembejeo kununua kalisi ya unga kwa kukadiria. Ikizidi kwa mbwa wa mwili mkubwa anayekua, viungo vinaharibika vilevile. Apigwe picha ya mifupa kwanza. Uko Morogoro, hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) iko karibu nawe, nenda huko.

Tumbo kubwa na mbavu kuonekana, hapo ninashuku minyoo. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa nayo kutoka kwa mama yao. Ilipaswa apewe dawa kila wiki mbili mpaka miezi mitatu, sasa apewe kila mwezi mpaka miezi sita, kisha kila miezi mitatu, na apimwe uzito kila mara kabla ya kupewa. Zoa kinyesi kila siku. Minyoo ya mbwa inaingia hata kwa watoto wanaocheza pekupeku uani.

Kuhusu chanjo, aliyekuuzia amekudanganya. Kinga ya maziwa ya mama inaifuta chanjo ya mapema, ndiyo maana inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16, halafu baada ya mwaka. Nimeona mbwa wengi waliochomwa mara moja wakifa kwa parvo, ugonjwa wa virusi wa tumbo: anatapika, anaharisha damu yenye harufu kali, siku mbili tatu amekwisha. Ya kichaa ni kila mwaka.

MkufunziWaMbwa

Mzee AskariMstaafu, shikamoo. Kwa heshima zote, hapa napingana nawe, na nitasema kwa nini, maana nimewafundisha mbwa wa ulinzi na nimewapokea wengi waliolelewa kwa njia hiyo.

Mbwa wa gizani ana woga. Anang'ata kwa sababu hajui binadamu ni nani, kwa hiyo kwake mwizi, mtoto wa shule na mama anayemletea chakula ni wamoja. Siku mlango wa banda ukisahauliwa wazi, wa kwanza kuumia ni wa nyumbani. Pilipili haigusi tabia yake, inachoma mdomo na tumbo, na huyu tayari ni dhaifu. Kuna wanaotia nyigu na bangi kwenye chakula cha mbwa. Yote hayo ni mateso matupu.

Mbwa hulinda mahali anapopaona pake na watu anaowaona wake. Huyu akifikisha mwaka hivi, mwenyewe ataanza kubweka mgeni akigusa geti, bila kufundishwa na mtu. Mfundisheni mambo mawili ambayo walinzi wengi hawayafundishi. Aitwapo aje. Na asile kitu kilichotupwa chini au kilichotoka kwa mtu asiyemjua, kwa sababu wezi wa siku hizi hurusha nyama yenye sumu kabla ya kuruka ukuta. Chakula kitoke kwenye bakuli lake, kwa mkono wa watu wawili au watatu wa nyumbani tu. Akiendea kitu chini, mwite, akija mpe dagaa mmoja mkononi. Rudieni kila siku.

Kung'ata: umri huo meno ya utoto yanang'oka, fizi zinawasha, na hali hiyo itaendelea mpaka miezi sita au saba. Akikamata mkono, usipige wala usiuvute kwa nguvu, maana kuvuta kwake ndio mchezo. Nyamaza, simama, mgeuzie mgongo, mchezo uishe. Kisha mpe kamba nene yenye fundo au kitambaa kigumu kilicholoweshwa maji ya baridi. Asipewe gunzi la mahindi! Linaziba utumbo na linaua. Mtoto wa miaka mitano asiachwe naye peke yake hata dakika moja. Mfundisheni mtoto naye: Simba akimrukia asikimbie wala kupiga kelele, asimame kama mti, akunje mikono kifuani.

Banda lisibomolewe, litobolewe. Dirisha upande wa upepo, sakafu iinuliwe kidogo isipate maji ya mvua, na juu ya bati wekeni makuti au nyasi, maana joto la Morogoro chini ya bati tupu ni hatari. Kufungiwa saa chache mchana wageni wakija si vibaya. Kutwa nzima hapana.

BintiTanga

Asalaam aleykum dada. Mimi ni Mwislamu na nyumbani kwetu Tanga tuna mbwa wa kulinda mifugo na shamba, jambo ambalo dini imeliruhusu. Kwetu wafuasi wa madhehebu ya Shafii, mate na unyevu wa mbwa ni najisi. Chombo au nguo iliyoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Fikiria mama mwenye nguo za kuswalia kambani na watoto watano wa kuogesha. Ndiyo sababu ya kuhangaika kwao, si kwamba wanamchukia Simba wala nyinyi.

Nenda kazungumze nao wewe mwenyewe, usisubiri walalamike. Waulize wanaswalia wapi, wanaanika wapi, watoto wanacheza wapi. Wekeni uzio mdogo wa matete au waya kutenga upande wao. Bakuli la Simba lisioshwe kwenye karo wanayotumia, na mfereji wa pamoja asiufikie. Tulipofanya hivi na majirani zetu hakukuwa na neno tena, na wao ndio wanaotupigia simu tukiwa shambani mbwa akibweka sana.

WaNakuru

Salamu kutoka Nakuru. Daktari amesema dona, nami naongeza onyo moja kwa sababu huku wengi wamepoteza mbwa hivyo. Mahindi yaliyoota ukungu msiseme "haya ya mbwa". Sumukuvu haiondoki kwa kupikwa, na mbwa ni mnyama anayedhurika nayo upesi sana. Anakataa chakula, anatapika, macho na fizi zinageuka manjano, ini limekwisha. Mwaka 2004 sumu hiyohiyo iliua zaidi ya watu 100 huku kwetu Kenya, wengi wao Ukambani. Mahindi ambayo humlishi mtoto wako usimlishe mbwa.

AskariMstaafu

Nimesoma yote. Mkufunzi, marahaba. Sijakubali kila neno, lakini hilo la nyama ya sumu ni kweli, tulipoteza mbwa wawili usiku mmoja hivyo. Daktari, nina swali langu. Jike langu lina kupe tele masikioni na katikati ya vidole. Tangu juzi hataki kula, amelala tu, na mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa. Nina dawa ya kuogeshea ng'ombe, nimwogeshe kwa kipimo gani?

DaktariWaMifugo

Mzee wangu, usimwogeshe. Funua mdomo uangalie fizi. Kama zimepauka au zina umanjano, mpeleke kwa daktari sasa hivi, usingoje kesho. Mkojo wa rangi hiyo pamoja na kupe mara nyingi ni ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe, na unaua haraka. Ukiwahi, una dawa. Apimwe damu ijulikane ni upi, kwa sababu kupe hueneza zaidi ya mmoja na dawa zake zinatofautiana.

Dawa za josho nyingine ni kali mno kwa mbwa, atazilamba kwenye manyoya na kuanza kutetemeka. Hali kadhalika sindano ya ng'ombe ya ivermectin. Watu huichoma kwa kukadiria, na mbwa wenye damu ya Collie inaweza kuwaua hata kwa kiasi kidogo. Oili chafu ya gari msipake mbwa kamwe. Akishapona, daktari atakupa ya kudondosha mgongoni au ya kumeza, na nyumba itibiwe pia. Kupe wa mbwa hutagia kwenye nyufa za kuta na chini ya banda, ukimsafisha mbwa peke yake watarudi.

MamaKihonda

Mungu awabariki nyote. Mtoto alipelekwa kituo cha afya jioni ileile, amekwisha kuanza sindano. Simba amepigwa picha: mifupa ni myepesi lakini haijavunjika, na daktari amesema akila vizuri inaweza kunyooka maana bado anakua. Minyoo ilitoka mingi hadi nikaogopa. Baba watoto nilimsomea maneno ya Mkufunzi kuhusu mlango wa banda kusahauliwa wazi, akakaa kimya, kisha akaenda kuazima patasi atoboe dirisha. Kwa majirani nimeenda. Mama wa pale alinishika mkono, akasema walikuwa wanaona haya kusema. Uzio tunaweka Jumamosi, mume wake ndiye atakayeleta matete.

Mzee AskariMstaafu, jike lako likoje?

AskariMstaafu

Kachomwa sindano jana, fizi zilikuwa nyeupe kabisa. Leo asubuhi kanywa maji na supu ya dagaa kidogo. Daktari wa hapa kasema nimrudishe Ijumaa.

DaktariWaMifugo

Supu isiwe na chumvi, mzee. Akiacha kunywa tena kabla ya Ijumaa, mrudishe saa hiyohiyo.