Amilesi ya mate kwenye 80°C: mbona wanga hauishi?

Wakuu, ninapima amilesi, yaani kimeng'enya cha mate kinachovunja wanga, kwa wanga wa 1% na iodini. Kwenye 37°C rangi ya bluu-nyeusi, inayoonyesha wanga bado upo, hupotea baada ya dakika chache. Kwenye 80°C inabaki. Joto si huharakisha mmenyuko?

Jibu 1
Huharakisha, ila kuna kikomo. Kimeng'enya ni protini iliyokunjwa, yenye kishimo kinachopokea wanga. Joto likizidi, vifungo dhaifu hukatika na umbo huharibika. Hata ukipoza, usitegemee kifanye kazi tena. Barafu haikiui, hukipunguzia kasi tu. Kirudishe 37°C uone.

Jibu 2
Pasha mate na wanga kando kwa dakika 5 kwenye joto unalojaribu kabla ya kuchanganya, la sivyo utapima kwenye joto tofauti na ulilokusudia. Kila sekunde 30 dondosha tone kwenye kigae cheupe chenye iodini. Usitie iodini ndani ya testi tyubu ya moto! Rangi hufifia kwa joto lenyewe, nawe utadhani wanga umeisha.

Jibu 3
Chunga pH (kipimo cha asidi) pia, iwe karibu 6.8. Na kama unazimua mate kwa maji yaliyokenekwa, tia chumvi kidogo, kwani amilesi huhitaji kloridi.