Watembeaji 32, viongozi watatu: mnawapataje wengine wa kujitolea?

Mtembezi wa Jumamosi (mwanzisha mada)

Habari zenu wanajamvi. Naomba ushauri kwa mnaoongoza klabu za matembezi ya milimani kwa kujitolea.

Huu ni mwaka wangu wa 6 kuongoza. Silipwi, wala sijaomba kulipwa. Tulianza watu 8. Siku hizi kila Jumamosi ya pili ya mwezi hawapungui 30. Viongozi tumebaki watatu: mimi, dada mmoja muuguzi, na mzee mmoja mstaafu anayeijua njia kuliko ramani inavyoijua. Sisi ndio tunaokwenda kuikagua njia siku chache kabla, tunaoandika majina, tunaobeba sanduku la huduma ya kwanza, na tunaopigiwa simu saa kumi na moja alfajiri na mtu anayetaka kujua avae viatu gani.

Mwezi uliopita tulipoteza mtu kwa dakika 40. Tulikuwa tunashuka na ukungu umeanza kutanda. Mzee yuko mbele. Mimi nimekwama katikati, kijana mmoja ametoka malengelenge kisiginoni nami namfunga plasta. Dada muuguzi siku hiyo alikuwa zamu, hakuja. Kwa hiyo nyuma hapakuwa na mtu wetu yeyote. Mama mmoja mgeni, mara yake ya kwanza kutembea nasi, aliinama kufunga kamba za viatu. Alipoinuka hakuona mtu mbele yake. Akaenda hadi njia panda, akashika kushoto.

Tulihesabu kwenye daraja la mbao. 31. Nikahesabu tena, 31. Nikamwomba mzee ahesabu, 31. Hiyo namba nimeiota zaidi ya mara moja.

Tulimkuta ameketi juu ya jiwe anapiga filimbi tuliyompa asubuhi. Hakunilaumu, alinishukuru. Lakini mimi najua kosa lilitokea wapi. Halikutokea njia panda. Lilitokea asubuhi, nilipoona hatuna wa kufunga mkia nikasema twende tu.

Niliporudi nikaandika kwenye kundi letu la simu: "Tunahitaji viongozi wapya, anayependa ajitokeze." Nikapata vidole gumba 19 na pongezi nyingi. Mtu wa kujitokeza hakuna.

Mnawapataje? Na je, nipunguze watembeaji mpaka viongozi watoshe? Wenzangu wanahofia nikifanya hivyo klabu itakufa.

---

Mfunga Mkia

Pole sana kaka yangu. Hiyo hesabu ya daraja naijua, tumbo linavyopoa ukikosa mtu mmoja. Nimeongoza miaka 19, na 9 ya mwisho nimekaa nyuma kwa kuchagua mwenyewe.

Nianze na swali la pili maana jibu lake ni fupi: punguza, na uanze Jumamosi ijayo. Kwetu ni kiongozi mmoja kwa watembeaji 8, na hatuondoki bila mtu wa mbele na mtu wa nyuma waliotajwa kwa majina mbele ya wote. Wasipotimia, tunaahirisha. Mwaka tulioanza utaratibu huu tuliahirisha mara mbili, na watu walinuna kweli. Mara ya tatu niliandika Alhamisi jioni kwamba hatuna wa kufunga mkia, kwa hiyo Jumamosi hakuna safari. Kabla ya saa moja kuisha walikuwa wamejitokeza wawili. Miaka yote hiyo hawakujua kwamba nafasi ile ipo. Tulikuwa tukiziba pengo wenyewe, basi wao wakaona hakuna pengo.

Sasa la kuwapata. Tangazo la kundini kila mtu hulisoma akidhani anaambiwa mwenzake. Mwite mtu kwa jina, mkiwa njiani mnatembea, umwombe kazi moja yenye mwanzo na mwisho. Binti mmoja nilimwambia hivi: "Safari ijayo naomba ukae nyuma pamoja nami, kuanzia kijitoni hadi kwenye ukingo wa msitu." Sikutaja neno uongozi. Leo anaongoza safari za siku mbili.

Na usiwatafute wenye miguu myepesi. Mtafute anayegeuka. Katika kila kundi yupo ambaye akishavuka mto hasimami kupangusa viatu vyake, anasimama kumpa mkono anayefuata. Huyo tayari anaifanya kazi, bado kuambiwa tu.

Ukishampata, mfundishe mambo machache lakini uyafundishe njiani, si kwenye mkutano. Mimi huanza na mapumziko. Walio mbele wakifika mahali pa kupumzika hukaa, wakanywa maji, wakapoa. Wa mwisho anapotokea anahema, wao ndio wanabeba mabegi na kuondoka. Aliyechoka kuliko wote anakuwa ndiye pekee ambaye hajapumzika, na hivyo hivyo mpaka jioni. Nimeona watu wenye afya njema wakiacha kutembea kabisa kwa sababu ya jambo hili, wakiamini wao ni dhaifu. Kwetu dakika za mapumziko zinaanza kuhesabiwa mfunga mkia anapoketi.

Kisha muda. Iko kanuni ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892, na bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia ni kilomita 12 na inapanda mita 900. Umbali unakupa saa 2 na dakika 24, mwinuko unakupa saa moja na nusu, jumla saa 3 na dakika 54. Lakini hiyo ni ya mtu mwenye nguvu asiyesimama. Kwa kundi la watu mchanganyiko mimi huongeza nusu yake, inakaribia saa 6. Mpe kiongozi mpya akokotoe nyumbani, kisha mlinganishe na saa ya mkononi mkiwa njiani. Akishaona mwenyewe kwamba kundi limechelewa dakika 50, hutahitaji kumweleza kwa nini tunatangaza saa ya kugeuka kabla ya kuanza kupanda.

Na filimbi: wafundishe wote, si viongozi tu. Mlimani ishara ya kuomba msaada ni milio 6 ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia. Anayejibu hupiga 3 kwa dakika. Aliyepotea akishapiga, abaki pale pale alipo. Huyo mama aliketi juu ya jiwe badala ya kuendelea kutafuta njia gizani mwa ukungu. Mshukuru kwa hilo, aliwarahisishia sana.

---

Kijito

Mimi niseme kwa upande wa wale waliokupa vidole gumba, maana nilikuwa mmoja wao katika klabu yetu kwa miaka 4.

Sikuwa mvivu. Niliogopa. Nilimtazama kiongozi wetu anajua kila kona, anajua kufunga bandeji, anajua wingu gani lina mvua, nikajiambia mimi sijui hata nusu ya hayo. Na kubwa zaidi: mtu akivunjika mguu mimi nikiwa mbele, nani atasimama upande wangu? Hilo swali sikumuuliza mtu, na hakuna aliyelijibu.

Kilichonivuta kilikuwa kazi ndogo ya kubeba daftari la majina. Baadaye nikapewa kuangalia radi tu, siku za mawingu. Nilifundishwa kuhesabu sekunde tangu kuona mwanga hadi kusikia ngurumo. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 30 ni kama kilomita 10, na umbali huo ni mdogo vya kutosha kukupiga. Zikiwa 30 au chini ya hapo, tunatoka kileleni na kwenye matuta ya wazi, na hatupandi tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Siku moja nikahesabu 22. Tulibakiza kama robo saa kufika juu, tulikuwa 14, na kilele kinaonekana wazi kabisa. Nikasema tunageuka. Bwana mmoja akaanza kubisha, amesafiri toka mbali, jua linawaka pale tulipo, radi iko kule. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka. Kiongozi wetu alikuwa nyuma na ana uzoefu kunizidi mara kumi. Hakusema chochote. Aligeuza mgongo, akaanza kushuka wa kwanza.

Nadhani siku ile ndipo nilipokubali kuwa kiongozi. Hata angeniandikia barua ya uteuzi isingefanya kazi ile.

Kwa hiyo ombi langu kwako, kaeni ninyi watatu muandike ukurasa mmoja: nani anaamua kugeuka, nani anapiga simu ya dharura, nani anabaki na mgonjwa na nani anaendelea na kundi. Na muandike kwamba uamuzi wa kugeuka haupingwi njiani, unajadiliwa mkisharudi. Mtu anayeogopa kama nilivyoogopa mimi ataisoma karatasi hiyo mara mbili, na huenda akakupigia.

---

Sururu

Nakubaliana na waliotangulia, ila mimi viongozi wangu wengi sikuwapata kwenye matembezi. Niliwapata kwenye siku za kutengeneza njia.

Wapo watu ambao hawataki kusimama mbele ya kundi na kuzungumza, lakini ukiwapa koleo wanafanya kazi mpaka unawaomba wapumzike. Adui mkubwa wa njia ni maji. Yakishapata kuteremka katikati ya njia hayaachi, yanachimba mfereji, watembeaji wanaukwepa kwa kukanyaga pembeni, njia inapanuka, majani yanakufa, udongo unaondoka. Dawa yake ni kuyatoa mapema: unakata mtaro wa mshazari unaoyapeleka upande wa mteremko, na unauzoa majani na matope kabla ya mvua, la sivyo mwaka unaofuata ni kama hukuukata. Kwenye kona za kupanda, zile za kwenda kushoto na kulia, tunaziba njia za mkato kwa matawi na mawe, maana mkato mmoja wa watu wanaoshuka kwa haraka unageuka korongo.

Tuna njia ya kilomita 9. Tuliigawa vipande 6, kila kipande na wenyewe wawili. Wazo si letu. Kule Marekani Benton MacKaye alipendekeza Appalachian Trail mwaka 1921, ikaunganishwa mwanzo hadi mwisho 1937. Ina zaidi ya kilomita 3,500, na hadi leo klabu za watu wanaojitolea ndizo zinazoitunza, kila moja na sehemu yake. Kama wao wameweza kilomita hizo zote, nasi tunaziweza 9.

Katika wale 12 wa vipande, wanne sasa wanaongoza matembezi. Mtu aliyechimba mtaro kwenye kona fulani hawezi kuisahau kona hiyo, hata ukungu uwe mzito vipi. Akiwa mbele anasimama hapo bila kukumbushwa, anasubiri wa nyuma, kwa sababu anajua wageni hupotelea pale.

Angalizo moja la usalama: wenye majembe na sururu waachiane nafasi ya urefu wa mkono pamoja na mpini, na mtu akitaka kupita aseme na asubiri chombo kishushwe chini.

---

Mtembezi wa Jumamosi (mwanzisha mada)

Nimerudi baada ya wiki 5 kuwapa mrejesho. Asanteni sana, nimewasomea wenzangu majibu yote.

Tumefunga orodha kwenye 24. Wanane walilalamika, na wawili kati yao wameondoka, inaniuma kwa sababu mmoja ni katika wale 8 wa mwanzo. Ukurasa tumeuandika. Tulibishana jioni nzima juu ya mstari wa nani anabaki na mgonjwa, ndipo nilipogundua kwamba miaka 6 yote kila mmoja wetu alikuwa na jibu lake.

Nimewaomba watu watatu kwa majina. Kijana wa malengelenge amekubali kukaa nyuma na dada muuguzi. Mwingine amesema bado, nimemwacha. Wa tatu ni yule mama. Nilisita sana kumpigia. Akaniambia kukaa nyuma hapana, bado moyo wake haujatulia, ila kuhesabu atahesabu. Safari iliyopita alihesabu kila njia panda, anamgusa kila mtu begani na kutaja namba kwa sauti. Tulisimama mara 7 na hakuna aliyelalamika.

Mara moja alipata 23. Kumbe alisahau kujihesabu mwenyewe. Mnafanyaje kuepuka hilo?

---

Mfunga Mkia

Umenifurahisha sana, na mpe mama huyo salamu zangu. Mpe mwenzake wa kuhesabu. Mmoja aanzie mbele, mwingine aanzie nyuma, kila mmoja kivyake bila kusikilizana. Wakikutana waseme namba zao. Zikilingana ndipo mnaondoka, zikitofautiana wanarudia wote wawili. Na namba ya asubuhi iandikwe kwenye karatasi, wao wenyewe wakiwemo, ikae mfukoni mwa mama.