Nimeuziwa RAM ya seva Kariakoo, halafu naambiwa mashine yangu ndiyo imekufa

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nimejizuia wiki 2 nisiandike huu uzi kwa sababu nilijua nitatukana. Leo nimeshindwa, ila nitajitahidi nisitukane.

Nina steshenari ndogo Mbagala. Kazi zangu mnazijua: kopi, CV, kujaza maombi ya ajira na ya mkopo wa chuo, kuchapa kadi za michango. Mashine yangu ni Dell OptiPlex 780, ile yenye Core 2 Duo, nilinunua mtumba. Ndiyo, ni ya zamani, zilianza kutoka 2009, najua, msinikumbushe. Kazi inafanya. Kilichokuwa kinanitesa ni RAM, vile vibao vya kumbukumbu ya muda ambavyo mashine inatumia ikiwa inafanya kazi: zilikuwemo mbili za 1GB, jumla 2GB. Ukifungua Word, ukafungua na brauza, mausi inaganda katikati ya skrini. Mteja anaangalia saa. Mwisho anakwambia "dada ngoja nifike hapo mara moja narudi", na harudi.

Mpwa wangu akanishauri niongeze RAM. Bodi (ubao mkuu wa ndani ya mashine) ina sloti 4 za kuchomeka RAM, mbili ziko wazi, na inapokea hadi 16GB. Mimi nilitaka 8 tu. Na kabla hamjaniambia habari za Windows ya 32 biti kutoona zaidi ya 4GB: yangu ni ya 64. Hilo tulishaliangalia kabla sijatoka nyumbani.

Basi nikafanya kama mtu mwenye akili. Sikwenda mikono mitupu. Nilichomoa RAM moja ya zamani, nikaifunga kwenye tishu, nikaweka kwenye pochi, na namba ya mashine nikaandika kwenye karatasi. Nikafika dukani (jina silitaji, niacheni), nikampa kijana sampuli, nikamwambia naomba mbili za 4GB za mashine hii. Akaishika sekunde 2 akanirudishia. "Hii DDR3 dada, zipo." (DDR3 ni kizazi cha RAM, kilichofuata DDR2.) Akaleta mbili, 25,000 kila moja. Nikauliza zimepimwa? Akazichomeka kwenye mashine yao palepale, ikawaka, akanionyesha kwenye skrini. Nikalipa 50,000 kwa simu, nikapewa risiti, nikapanda gari nikiwa na furaha zangu.

Nyumbani zimeingia bila kulazimisha, klipu zikalia "ta" pande zote mbili. Nikawasha. Feni inazunguka, taa ya mbele ya rangi ya chungwa, skrini nyeusi tii. Nikazitoa, nikasafisha na kifutio, nikabadilisha sloti, nikaweka moja moja. Nyeusi. Nikarudisha zile za zamani, mashine hiyo ikawaka kama hakuna kilichotokea.

Nikapiga simu dukani. Jibu: "Dada, mashine yako itakuwa imechoka, hizo RAM umeona mwenyewe zikiwaka."

Hapo ndipo nilipomfuata fundi mmoja mzee wa hapa mtaani, huwa anatengeneza redio na tivii. Hakuwasha hata mashine. Aliweka RAM yangu ya zamani na ya dukani juu ya kioo cha mashine ya kopi, zikae sambamba, akaniambia soma stika. Ya zamani imeandikwa 1GB 1Rx8 PC3-8500U. Ya dukani, 4GB 2Rx8 PC3-10600R. "Umeona herufi ya mwisho?" U kwa R. Halafu akaniambia nihesabu chipu. Upande mmoja wa ile ya dukani nilikuta 9, na katikati kuna nyingine ndogo ya umbo tofauti, kama mgeni aliyekaa katikati ya familia kwenye picha. Ile ndogo ndiyo inayopokea amri kutoka kwenye bodi na kuzigawa kwa chipu nyingine. Hiyo ni RAM ya seva, zile kompyuta kubwa za kuhudumia mashine nyingine. Deskitopu yangu haielewani nayo kabisa, hata uiombee dua.

Sasa linaloniuma ni hili. RAM ya DDR2 huwezi kuichomeka kwenye sloti ya DDR3, pengo la kwenye ukingo wake halikai sehemu moja, utajua palepale. Lakini DDR3 ya seva na ya deskitopu pengo ni lilelile, pini 240 zilezile. Inaingia kama imezaliwa humo. Mtu kama mimi nitajuaje? Anayetakiwa kujua ni anayeuza, anayezishika hizi kutwa nzima, na sampuli yenye U nilimpa mkononi!

Na ile mashine waliyopimia? Nimerudi nikaiangalia vizuri. Ni sanduku kubwa jeusi liko chini ya meza, seva. Kwa hiyo unapimia RAM ya seva kwenye seva, unamuuzia mwenye deskitopu, halafu unasema "umeona mwenyewe".

Siku hiyo nilimwonyesha kijana hiyo R. Unajua alinijibu nini? "Dada, R ni RAM." Akaninyooshea kidole kwenye ile 2Rx8 eti hata hapa ipo R, na kwenye ya kwako ya zamani 1Rx8 ipo pia. Wakuu, R ya hapo mwanzoni ni habari nyingine, inaeleza chipu zilivyopangwa, ipo kwenye kila RAM. Inayohusika ni herufi inayofuata namba ya PC3. Nilimweleza mbele ya wateja. Akacheka, akachukua risiti yangu "nikuandikie nyingine", akanibadilishia mbili nyingine zenye U, na akanidai nyongeza ya 10,000 kwa sababu eti hizi ni mpya. Nikatoa. Hapo nakiri uzembe ni wangu.

Nyumbani: nyeusi tena.

Fundi akazigeuza, akanionyesha. Chipu ziko upande mmoja tu, 8. 4GB ni gigabiti 32, ukigawa kwa chipu 8 maana yake kila moja imebeba gigabiti 4, na bodi za umri wa yangu mwisho wao ni chipu za gigabiti 2. Kwa hiyo 4GB inayonifaa ni ile yenye chipu 16, 8 kila upande. Hili sitamlaumu sana kijana kutolijua, wengi hawalijui. Nalaumu kilichofuata.

Niliibeba CPU nzima, yaani sanduku lenyewe la mashine, hadi Kariakoo, nimeipakata kwenye daladala kama mtoto mgonjwa. Safari hii nikamkuta mwenye duka. Akachomeka RAM zake, akawasha, akaona skrini nyeusi, akazima. Hakugusa kingine. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama, bodi imekufa. Nina mashine nyingine hapa nikufanyie 180,000." Nikamwambia subiri. Nikafungua pochi, nikatoa zile zangu mbili za 1GB, nikazichomeka mwenyewe. Wakati inawaka hakuna aliyeongea. Ikaja Windows, na picha ya mwanangu aliyevaa joho la chekechea, jino moja hana.

Mlitegemea aseme samahani? Alinyoosha kidole kwenye ukuta, kuna karatasi: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Jamani, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ipo. Ukimweleza muuzaji kitu unakitakia kazi gani, ukategemea ujuzi wake, kitu kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. Nilimpa namba ya mashine na sampuli, ningemweleza vipi tena, kwa ngonjera? Karatasi ya ukutani aliyoichapa mwenyewe (na nahisi kwa mashine kama yangu) haifuti sheria.

Nahitaji mambo mawili. Kama kuna aliyewahi kufika Tume ya Ushindani, FCC, kwa kitu kidogo kama cha 60,000, anieleze alianzia mlango gani. Na kama kuna mwenye RAM mbili za 4GB, PC3-8500U au 10600U, chipu 16, aniambie bei. 10600 itashuka kidogo kasi kwenye bodi yangu, haina shida. Nakuja na CPU, tunapima kwenye CPU yangu, ndipo natoa hela. Wa kunishauri ninunue mashine mpya, anitumie hela ya kununulia.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Wamenipigia. Nadhani kuna mtu amewaonyesha huu uzi. Wanasema nije kesho, watarudisha hela yote "kiubinadamu", ila nije na risiti. Risiti ambayo kijana wao aliichukua aniandikie nyingine na hakuandika. Nimewaambia nakuja na meseji za malipo zote mbili, zina jina la duka, tarehe na saa. Wakakata simu.